Tunaona mabasi yote kwenye skrini lakini bado yanafika matatu matatu, tunakwama wapi?

zamu_ya_alfajiri

Wakuu habari zenu. Hili jambo nimekaa nalo muda nikasema leo nilete hapa, maana najua humu kuna madereva, mafundi wa umeme na watu wa mifumo.

Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye chumba cha kuongozea mabasi. Mfumo wetu ni wa mabasi yaendayo haraka, yana njia yao peke yao katikati ya barabara, abiria analipa kabla hajaingia, sakafu ya basi iko sawa na ya kituo, yaani kila kitu kinachotakiwa tunacho. Tumeanza kutoa dizeli tunaingiza ya umeme, na pamoja nayo ukaja mfumo mpya wa kufuatilia basi papo kwa papo, skrini zimejaa ukutani, unaona basi liko wapi, chaji asilimia ngapi, limechelewa dakika ngapi, mpaka mlango ukifunguka unaona.

Sasa tatizo, tunaona kila kitu alafu tunabaki kuangalia tu. Ratiba inasema basi kila dakika 4. Ikifika saa 2 asubuhi naona matatu yamefuatana kama mabehewa alafu nyuma yao pengo la dakika 12. Napiga redio, dereva wa mbele anasema amejaza hawezi kukimbia, wa pili anasema yeye hana abiria hata kumi, wa tatu hajibu kabisa kwa sababu redio imejaa watu. Saa 4 huko ndo chaji inaanza kuleta maneno, mabasi mawili matatu yanafika asilimia 20 na mfumo unapiga alamu, nikiyarudisha depo pengo linakuwa kubwa zaidi, nikiyaacha naogopa yasije kunizimikia katikati ya njia ambayo haina pa kupitia pembeni, likizima moja yote ya nyuma yamekwama. Jioni ndo usiseme.

Kuna abiria anasimama dakika 12 kituoni anaona kibao kimeandikwa dakika 4. Hiyo inaniuma kwa kweli. Wenzangu mliopitia haya mnatumiaje hizi data? Nianze kushika wapi?

---

mpanga_ratiba

Karibu mkuu, na pole. Kwanza jiondolee lawama, mabasi kushikana sio uzembe wa mtu, ndivyo yalivyo yenyewe kama hakuna anayeyazuia. Basi likichelewa kidogo linakuta watu wengi zaidi kituoni, watu wengi maana yake mlango unakaa wazi muda mrefu, linazidi kuchelewa, kituo kinachofuata watu wamezidi tena. La nyuma yake linakuta kituo cheupe, linapita haraka, linalifikia la mbele. Watafiti Newell na Potts walishaliandika hili kwa hesabu mwaka 1964, kwamba kosa dogo la mwanzo linakua lenyewe kadiri basi linavyoendelea na safari. Kwa hiyo ukisubiri uone matatu yameshikana ndo upige redio umeshachelewa, pale hakuna cha kuokoa. Unatakiwa ushughulike pale pengo la dakika 4 linapokuwa 5 na nusu.

Na hapa ndo naona mnakosea na wala sio nyie peke yenu. Skrini yenu inawaambia basi limechelewa dakika ngapi kulingana na ratiba. Hiyo namba kwenye huduma ya kila dakika 4 haina maana kwa abiria, hakuna abiria anayejua kuwa hili ni basi la saa 2 na dakika 7, yeye anataka basi lije. Mabasi yote yakichelewa dakika 10 kwa usawa na bado yanapita kila dakika 4 abiria hana habari kabisa. Chukua mfano mdogo, mabasi yakija kila dakika 4 sawasawa, mtu anayefika kituoni wakati wowote anasubiri wastani wa dakika 2. Mabasi yaleyale, idadi ileile, dereva walewale, yakija mawili mawili kila baada ya dakika 8, wastani unakuwa dakika 4. Umeongeza kusubiri mara mbili bila kupunguza hata basi moja. Yenu yanakuja matatu kila dakika 12, kwa hiyo ni dakika 6. Umeme wote ule na madereva wote wale, alafu abiria anapata huduma kama ya basi la kila dakika 12.

Kwa hiyo kitu cha kwanza waambie waliowauzia mfumo wawabadilishie skrini ionyeshe pengo la mbele na pengo la nyuma la kila basi, sio dakika za kuchelewa. Kitu cha pili, shikilieni mabasi mwisho wa njia kabla hayajatoka. Pale basi ni tupu au karibu tupu, dakika 2 za kushikiliwa haziumizi mtu. Watafiti wengine, Bartholdi na Eisenstein, mwaka 2012 walionyesha njia rahisi sana, basi likifika mwisho wa njia unaangalia la nyuma yake liko mbali kiasi gani, unalishikilia kwa sehemu fulani ya muda huo, basi, hakuna ratiba kabisa, na mapengo yanajisawazisha yenyewe mzunguko kwa mzunguko. Waliijaribu kwa mabasi ya chuo kule Atlanta, Marekani. Mi nimeitumia kwa karatasi na saa ya mkononi kabla hata hatujapata mfumo na ilisaidia.

---

dereva_wa_kiungo

Mimi naendesha lile refu la kiungo, miaka kadhaa dizeli na sasa umeme, naomba niseme upande wetu maana mara nyingi haya mambo yanapangwa sisi hatupo.

Bosi wa zamu ukinipigia redio ukaniambia "punguza mwendo" mimi sijui kwa nini. Nyuma yangu naona kioo, mbele naona barabara, sijui kama aliye nyuma yuko dakika 1 au 9. Na abiria ndani wananiangalia, nikikaa kituoni milango wazi sekunde 40 wanaanza kugonga dirisha. Kwa hiyo naitikia "sawa" alafu naendelea kama kawaida, nasema ukweli wangu. Kilichonibadilisha ni siku tulipofungiwa kioo kidogo kwenye dashibodi kinachoonyesha namba mbili tu, aliye mbele yangu sekunde ngapi na aliye nyuma sekunde ngapi. Hakuna redio hakuna kelele. Naona 90 mbele na 400 nyuma, naelewa mwenyewe kwamba nakimbilia mgongo wa mwenzangu, natoa mguu. Tukaanza kusaidiana bila kuambiwa. Redio ikabaki ya dharura, na ndo kazi yake hasa.

Ila kuna jambo zito zaidi ya kioo. Kama dereva anakatwa kwa kuchelewa kwenye ratiba, au kampuni inalipwa kwa kilomita tu, hamtatushikilia hata muweke skrini mia. Mimi nikishikiliwa dakika 3 kwa amri yako, jioni ripoti inasema nimechelewa dakika 3, naitwa ofisini kujieleza. Imeshanitokea zaidi ya mara moja na niliumia sana, maana nilifanya nilichoambiwa. Sasa mfumo wako lazima uandike kwamba huyu alishikiliwa kwa amri, saa fulani, kituo fulani, na hizo dakika zisihesabiwe kwake. Bila hiyo kila dereva ataendelea kukimbia kujiokoa.

Alafu uendeshaji. Basi la umeme ukilikanyaga kwa nguvu alafu ukafunga breki kwa nguvu linakula sana. Ukitoa mguu mapema, mota inageuka kuwa jenereta na umeme unarudi kwenye betri, njia yetu inasimama kila baada ya mita 500 au 600 kwa hiyo hiyo ni nafasi kila dakika. Mimi na mwenzangu basi la aina moja njia moja, tulikuwa tunarudi na chaji tofauti kabisa mpaka akaja kukaa pembeni yangu siku nzima kuangalia. Mtu anayekimbilia la mbele ndo huyohuyo anayemaliza chaji, hayo mambo mawili ni moja.

---

volti_na_ampea

Dereva umesema neno kubwa hapo mwisho. Mi nipo upande wa depo na chaja, niongeze kwenye suala la asilimia 20.

Mkuu wa zamu, asilimia peke yake haikuambii chochote. Asilimia 20 ya betri ya ukubwa gani, basi liko wapi, limebakiza mizunguko mingapi, na kutoka mwisho wa njia mpaka depo ni mbali kiasi gani? Basi la mita 18 kwa makadirio linakula kama yuniti 2 (yaani kilowati-saa 2) kwa kilomita, inashuka au inapanda kulingana na milima, mzigo, na kiyoyozi, na kwenye baridi kali kupasha joto ndani kunaweza kula kupita hata kiyoyozi. Chukua betri ya yuniti 400. Asilimia 20 ni yuniti 80. Asilimia 10 iache kabisa usiiguse, ni akiba ya siku mbaya, unabaki na yuniti 40, yaani kilomita 20. Kama mzunguko wenu ni kilomita 16 na depo iko palepale mwisho, hilo basi linamaliza vizuri na hukuwa na sababu ya kulitoa. Kama mzunguko ni 30, ulitakiwa uwe umelitoa mapema zaidi hata kabla ya alamu. Alamu ileile, maamuzi mawili tofauti.

Kwa hiyo namba ya kuweka kwenye skrini ni moja, kilomita ambazo basi linaweza kutembea ukitoa kilomita za kazi iliyobaki pamoja na kurudi depo. Ikiwa juu ya sifuri kwa nafasi nzuri iwe kijani, ikikaribia sifuri iwe njano. Na matumizi yasiwe ya kitabu cha kiwanda, mfumo uchukue matumizi ya basi hilohilo kwa saa 1 au 2 zilizopita, maana siku ya joto kali sio kama jana yake.

Angalizo kuhusu betri za LFP, yaani za lithiamu zenye chuma na fosfeti, mabasi mengi ya umeme yanatumia hizo. Volti yake katikati haibadiliki sana kati ya chaji 30 na 80, kwa hiyo kompyuta ya betri inahesabu umeme ulioingia na uliotoka, na makosa madogo yanajikusanya. Msipolijaza mpaka mwisho mara kwa mara na kuliacha lijisawazishe, asilimia inaanza kuongopa, unaona 25 alafu dakika 5 baadaye 12. Kama una basi ambalo linashukashuka ghafla hivyo angalia lini mara ya mwisho lilijazwa mpaka 100. Ila na hilo lina upande wake, betri ikiwa imejaa kabisa haipokei umeme wa breki, kwa hiyo kama depo yenu iko mlimani na basi linaanza siku kwa kushuka, dereva atashangaa breki imebadilika. Yale yanayoanza kwa kushuka siku za kawaida mi huwa naishia 95 hivi.

Sasa jambo ambalo nadhani ndo kiini cha shida yako. Enzi za dizeli basi likichelewa ulikuwa unakata mapumziko ya mwisho wa njia, linafika linageuza hapohapo linaondoka, ratiba inapona. Ulikuwa ni ujanja wa bure. Kwenye umeme kama mnachajia mwisho wa njia, zile dakika za mapumziko ni chakula. Chaja ya kilowati 300 kwa dakika 10 inaweka yuniti 50, hiyo ni kama kilomita 25. Ukizikata asubuhi ili kuokoa pengo, saa 10 jioni zinakudai, tena pale ambapo humudu kukosa basi. Nina hakika ukirudi nyuma kwenye data zenu utakuta mabasi yanayolia chaji mchana ndiyo yaleyale yaliyogeuzwa harakaharaka saa 2.

Na upande wa pili wake ni habari njema. Kushikilia basi mwisho wa njia ili kusawazisha pengo, kama alivyosema mpanga_ratiba, na kuchaji, ni dakika zilezile. Panga uamuzi uwe mmoja, lipi lishikiliwe na lipi lichomekwe, sio mtu wa njia anaamua lake na mtu wa depo lake.

---

zamu_ya_alfajiri

Aisee. Nimesoma hii nikaenda kufungua data za wiki iliyopita na ni kweli, basi ambazo zimeomba kurudi saa 4 na saa 5 karibu zote zilikuwa zimekatiwa mapumziko asubuhi na mimi mwenyewe ndo nilitoa amri. Sikuwahi kuunganisha hayo mawili. Kwetu chumba cha njia na chumba cha chaji ni majengo mawili tofauti, tunaongea kwa simu.

dereva_wa_kiungo pole sana kwa yaliyokukuta, na kwetu ni hivyohivyo, ripoti inamhesabia dereva. Nalibeba hilo.

Swali kwa volti_na_ampea, usiku depo yetu ina mabasi 60, chaja ni za kilowati 100. Kila jioni wakirudi wote wanachomeka na transfoma inalalamika, basi wanazimazima kwa mkono. Asubuhi tunakuta baadhi hazijajaa na zinatakiwa kutoka za kwanza. Hiyo nayo ni ya kununua transfoma kubwa?

---

volti_na_ampea

Usikimbilie transfoma. Fanya hesabu hii. Yote 60 yakichomekwa pamoja kwa kilowati 100 ni megawati 6. Lakini yanahitaji nini hasa? Tuseme kila basi linahitaji yuniti 250 na lina saa 7 za kulala, gawanya unapata kama kilowati 36 kwa basi, mara 60 ni megawati 2 na kidogo. Weka upotevu wa umeme kwenye chaja na akiba, bado uko mbali sana na 6. Shida sio umeme kuwa mdogo, shida ni wote kutaka kwa saa moja. Na sehemu nyingi bili ya umeme ina kipengele cha kilele, unalipia ile nguvu ya juu kabisa uliyovuta mwezi mzima hata kama ilikuwa robo saa tu, kwa hiyo ile saa 4 usiku mnayochomeka wote inawagharimu mwezi mzima.

Chaja nyingi za siku hizi zinaongea OCPP, yaani lugha ya pamoja kati ya chaja na mfumo unaoziongoza, toleo la 1.6 tayari lina amri ya kuiambia chaja isizidi kilowati fulani kwa muda fulani. Mfumo wa depo unachukua vitu vitatu, basi gani linatoka saa ngapi, lina chaji kiasi gani sasa, linahitaji kiasi gani kwa kazi ya kesho, alafu unagawa. La saa 11 alfajiri linapewa kwanza, la saa 3 asubuhi linangoja. Na mabasi yapangwe kwenye mistari ya maegesho kwa mpangilio wa kutoka, nimeona depo basi limejaa 100 lakini limezibwa na mawili yasiyojaa, likachelewa kutoka na mfumo wote ukawa hauna thamani asubuhi ile. Kumbuka pia chaji ikifika 80 au 90 kasi inapungua yenyewe, kwa hiyo usilipangie basi dakika 20 za mwisho ukategemea lipate kilowati 100.

Haya mambo yanawezekana, Shenzhen kule China walimaliza kubadilisha mabasi yao yote kuwa ya umeme mwisho wa 2017, zaidi ya 16,000. Na Dakar, Senegal, mwaka 2024 wameanzisha mabasi yaendayo haraka ya umeme kuanzia siku ya kwanza, mabasi 121 kwenye njia ya kilomita 18. Ukianza na umeme tangu mwanzo una bahati ya kupanga depo na chumba cha kuongozea kama kitu kimoja, sisi tunaobadilisha katikati ndo tunabeba tabia za dizeli.

---

data_ya_barabara

Naongeza kidogo upande wa data maana wote mnaamini hiyo skrini kupita kiasi.

Mkuu, jiulize ile nukta unayoiona ni ya sekunde ngapi zilizopita. Basi linalotembea kilomita 36 kwa saa linakwenda mita 10 kila sekunde, data ikichelewa sekunde 30 basi lako limeshatembea mita 300, labda limeshaingia na kutoka kituoni. Ukihesabu mapengo kwa nukta za namna hiyo utawashikilia watu wasiostahili. Dai taarifa kila sekunde 5 mpaka 10, na pembeni ya kila nukta iandikwe umri wake, ikizidi dakika 1 iwe ya kijivu. Na saa za vifaa vyote, basi, kituo, chaja, seva, zisomwe sehemu moja, nimeshawahi kufukuzia "basi linalowahi" wiki nzima kumbe saa ya kifaa chake ilikuwa mbele.

Kwenye njia yenye majengo marefu au chini ya madaraja GPS inarukaruka. Wewe una bahati basi lako lina njia moja, haliwezi kuwa mtaa wa pili, kwa hiyo lazimisha nukta ikae kwenye njia na tumia odometa (kipima kilomita) na mlango kufunguka kama ushahidi kwamba lipo kituoni. Mlango ni ushahidi mzuri kuliko setilaiti. Laini za simu mbili za mitandao tofauti kwenye kila basi, na kile kioo cha dereva kiwe na akili ya kuendelea na hesabu ya mwisho mtandao ukikatika, kisizime. Na mtandao wa abiria wa intaneti ya bure usiguse kabisa waya unaoongea na breki na betri, hilo nawaomba sana msilichukulie poa, vitenganishwe kabisa sio kwa neno la siri tu.

Alafu taa za barabarani. Wengi wakipata mfumo wa basi kuombewa kijani wanaliombea kila basi. Ukifanya hivyo unamsaidia na yule anayekimbilia mgongo wa mwenzake. Omba kijani kwa basi ambalo pengo la mbele yake ni kubwa tu, ongeza sekunde chache za kijani au kata nyekundu mapema, na yule aliyekaribia sana mbele mwache asubiri taa kama kawaida. Taa inakuwa inakushikilia mabasi bila kumuudhi abiria, maana kusimama kwenye taa nyekundu watu wamezoea, kusimama kituoni milango wazi ndo wanakasirika.

Na kwa kuwa tayari una mahali lilipo basi, toa data hiyo kwa abiria pia. GTFS Realtime, mtindo wa pamoja wa kutoa data za usafiri papo kwa papo, ipo tangu 2011 na programu nyingi za simu zinaisoma. Kile kibao kinachosema dakika 4 wakati ni 12 kizimwe leo, kiandike 12. Mtu akijua ni 12 anaamua mwenyewe la kufanya.

Mi ningependa hata maamuzi ya kushikilia yafanywe na programu moja kwa moja, sio binadamu, kila kituo.

---

mpanga_ratiba

Nakubali yote ila hilo la mwisho hapana, samahani ndugu yangu. Kila kituo ni vingi mno. Basi lenye watu 140 ukilishikilia sekunde 40 umewachelewesha watu 140, ili kumsaidia nani? Shikilia mwisho wa njia zote mbili, na labda kituo kimoja cha katikati ambapo watu wengi wanashuka basi linabaki jepesi. Programu ipendekeze, mtu akubali, kwa miezi ya kwanza hata kama ni kubonyeza tu. Mtu wa zamu anajua kwamba leo kuna mvua au kuna mkutano uwanjani, programu haijui. Na ile ya kugeuza basi katikati ya njia ili lizibe pengo la upande wa pili iwe ya mtu siku zote, kuna abiria ndani wanatakiwa kushushwa na kuelezwa vizuri.

---

data_ya_barabara

Sawa nimekuelewa, kwa basi lililojaa una haki. Basi angalau lile la taa liwe lenyewe, hakuna mtu anaweza kubonyeza kwa kila makutano.

---

mpanga_ratiba

Hilo ndiyo, lazima liwe lenyewe.

---

zamu_ya_alfajiri

Wakuu narudi, zimepita kama wiki tatu. Sijafanya yote, nimefanya yaliyokuwa ndani ya uwezo wangu. Tumebadilisha skrini moja ionyeshe mapengo, mtu wa chaji tumemleta akae meza moja na mimi kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 4, na nimepata ruhusa kwa maandishi kwamba dakika za kushikiliwa kwa amri asihesabiwe dereva. Hiyo ruhusa ndo ilichukua muda kuliko vyote, na siku ilipotoka madereva walinipigia redio kushukuru mpaka nikawaomba waiachie nafasi.

Asubuhi bado yanashikana lakini mawili, matatu sijaona tangu wiki ya pili. Cha ajabu zaidi kwangu ni mchana, kwa sababu hatukati tena mapumziko, maombi ya kurudi depo kabla ya muda yamepungua sana, kuna siku hakuna kabisa. Kibao cha abiria kinasema ukweli. Siku ya kwanza kiliandika 9 na nilikuwa naogopa kelele, nikashuka mwenyewe kituoni kuangalia, watu walisoma, wengine wakaenda kukaa, hakuna aliyegombana na mtu.

Vioo vya dereva bado, tumepewa 10 vya majaribio. Swali la mwisho, niviweke kwenye mabasi 10 ya njia moja au nivisambaze njia zote?

---

dereva_wa_kiungo

Njia moja, tena mabasi yanayofuatana. Ukinipa mimi kioo alafu aliye mbele na aliye nyuma hawana, mimi natoa mguu wao wanaendelea kukimbia, nitakuwa peke yangu nayeonekana mzembe. Chagua yanayotoka kuanzia saa 12 mpaka saa 1 asubuhi, na hao madereva 10 waite siku moja kabla, waonyeshe kwenye skrini yako mapengo yao ya jana. Wengi wetu hatujawahi kuiona hiyo skrini.